Rejeta ya Shaba, Maji ya Kisima

Nianze na msimamo wangu kabisa ili asiyeupenda asipoteze bando lake: rejeta ya shaba ikivuja inatengenezwa. Haikimbiliwi kutupwa, haiuzwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala haitiwi binzari ya kuzibia tundu. Na kinachoitoboa mara nyingi si mawe ya barabara ya vumbi wala uzee wa gari. Ni maji tunayoitia.

Pikapu yangu ni Hilux ya kizamani, zile LN106 zenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (turbo) wala kompyuta ya kukuambia inaumwa wapi. Kazi yake ni machungwa. Inayatoa mashambani Muheza, inayashusha Tanga mjini, na msimu ukiisha inabeba chochote kinacholipa dizeli: nazi, mbao, saruji, na Jumamosi vyombo vya bibi harusi. Watu huniuliza mwanamke na Hilux wapi na wapi. Hilo tuliache kwa leo.

Kuvuja kulianza kwa namna ambayo wengi huidharau. Gari likitembea, kavu. Likizimwa, muda wa kumaliza kikombe cha kahawa tu, chini ya bampa kuna kidimbwi. Vijana wa soko la Mgandini wakanituliza: "Dada, hayo maji ya AC." Hilux yangu haina AC. AC yake ni vioo.

Sababu ya kuvuja baada ya kuzima ni hii. Injini ikinguruma, pampu inazungusha maji na feni inayapooza. Ukizima, maji yanasimama palepale, lakini chuma cha hedi, yaani kichwa cha injini, bado kina moto wake wote, na moto huo unaingia kwenye maji yaliyotulia. Kwa dakika chache joto la maji linapanda badala ya kushuka, presha inapanda nalo, na pale palipochoka panaachia. Kwa hiyo anayetafuta tundu la rejeta asubuhi injini ikiwa baridi anajichosha bure. Tafuta mara tu baada ya kuzima, na tochi mkononi hata kama ni saa saba mchana. Tafuta na alama. Shaba inayovuja hujiandika: pale maji yanapokaukia pana ukungu wa kijani au unga mweupe wa chokaa, na kama gari lilikuwa na kulanti nyekundu, yale maji ya dawa ya rejeta, utaona mchirizi wa rangi ya waridi umeteremka kwenye wavu, ile sehemu ya katikati yenye mirija.

Ila kutafuta ni kwa macho. Kifuniko cha rejeta usikiguse.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeshaona mikono na nyuso zilizobabuka, na kila aliyebabuka alikuwa na kitambaa mkononi. Tanga tuko usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 100. Ndani ya rejeta si hivyo. Kifuniko cha gari kama langu kimeandikwa 0.9, maana yake kinayabana maji mpaka presha ifike hapo ndipo kiachie, na maji yaliyobanwa kiasi hicho hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Ndiyo faida yake: injini inaweza kupita nyuzi 100 kwenye mlima na maji yakabaki maji. Sasa wewe unakifungua. Presha inaondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yanajikuta yamepitiliza kiwango cha kuchemka. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Itaipata wapi? Usoni kwako. Kitambaa hakikingi kitu hapo, kinashika maji ya moto na kuyagandisha kwenye ngozi. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa kiganja na kuuminya ukaminyika. Mzigo wa machungwa hauozi kwa nusu saa.

Kifuniko chenyewe, ambacho ndicho cha bei rahisi kuliko vyote, ndicho cha kwanza kukishuku. Springi ikilegea au raba yake ikikatika, presha haikai, maji yanatorokea kwenye kopo la akiba na kumwagika, na mtu anaapa rejeta imetoboka. Tukiwa mjini kwenye tambarare unaweza usijue kabisa. Utajua siku ukipakia mzigo Mombo, penye joto lake lile, ukaanza kupanda Soni kwenda Lushoto. Injini inahema kwa gia ya pili, upepo wa kuipooza hakuna, na kule juu, kwenye mita kama 1,400, hata maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kibovu kinakuacha hapo kwenye kona, na lori nyuma yako linapiga honi.

Iko pia mipira ya maji, inayolainika kwa mafuta au kupasuka chini ya klipu. Iko pampu, ambayo ina tundu dogo kwa chini lililowekwa makusudi: maji yakitokea hapo ujue sili ya ndani imekwisha, usilizibe. Na iko gasketi ya hedi, ambayo ndiyo habari mbaya. Fungua kifuniko injini ikiwa ya baridi, washa, tazama. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma, au oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe unatoka nyuma hauishi, basi gesi ya moto inaingia kwenye njia ya maji na ndiyo inayopasua rejeta kutoka ndani. Unaweza kulipa fundi wa rejeta mpaka uchoke. Wenye injini ya 2L-T, ndugu zetu wenye tabo, hili wanalijua kuliko mimi. Hedi zao zina sifa ya kupasuka na si uzushi.

Haya, tuje kwenye binzari.

Kila anayepita karibu na gari lenye boneti wazi ana dawa. Binzari, pilipili manga, ute wa yai, na zile chupa za unga zinazouzwa kwenye maduka ya spea. Nisiwe mnafiki, zinafanya kazi. Ute wa yai ukikutana na maji ya nyuzi 80 unaganda, na ukisukumwa kwenye tundu jembamba unagandia hapo hapo. Unga nao huvimba, hujikusanya na kuziba. Ukikwama Segera usiku na mzigo nyuma, tia, ufike nyumbani, Mungu atakusamehe. Lakini yai halijui lipi ni tundu na lipi ni mrija. Mirija ya rejeta ya shaba ni bapa, kwa ndani nafasi yake ni milimita mbili hivi, na kinachoziba tundu huziba na mirija. Wiki moja baadaye hakuna kinachodondoka chini, na mshale wa joto unapanda. Hapo mtu hununua rejeta mpya akidhani ya zamani imekufa kwa uzee.

Mimi nilikwenda Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, kwa mzee mmoja ambaye hafanyi kitu kingine ila rejeta. Hana kibao. Ana karo la saruji lililojaa maji meusi, benchi, tochi ya gesi, na ukuta mzima umeegemezwa rejeta za watu wasiorudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mlikuwa mkiitia maji gani hii?"

Hakuwa ameitazama bado. Nikamwambia gari nimelinunua kwa mtu, alikuwa akiishi huku ufukweni.

"Kisima," akasema, kama anayetia tiki kwenye karatasi.

Kuitoa rejeta ya gari hili hakuhitaji chuo. Unafungua kizibo cha chini, maji yanatoka kwenye beseni, unatoa mpira wa juu na wa chini, kava ya feni, kisha boliti za pembeni, mbili kila upande, na inatoka ikiwa imesimama. Jambo moja tu: usiivute kwa pupa, panga za feni zinakwaruza wavu na kuyalaza mapezi yake, vile vibati vyembamba baina ya mirija, na pezi lililolala halipitishi upepo. Weka kipande cha boksi katikati. Na kama gari lako ni otomatiki, kuna mipira miwili ya ziada chini, ya oili ya gia, kwa sababu ndani ya tanki la chini mmefichwa kipooza oili. Hiyo ikitoboka kwa ndani, oili na maji vinachanganyika na hakuna kitakachodondoka chini kukuonya.

Mzee akaziba midomo miwili mikubwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na klipu, ule mrija mdogo wa kopo la akiba akaupigia kijiti. Akachomeka pampu ya mkono mahali pa kifuniko na kuizamisha rejeta kwenye karo. Kijana wake alikuwa na kompresa ya tairi pembeni. Akamkataza kwa jicho. Rejeta hii haikuzaliwa kwa upepo wa tairi. Ukizidisha sana ile presha ya kifuniko unavimbisha matanki na kuachanisha maungio yaliyokuwa mazima. Alipiga mikupuo michache, taratibu, maji yakatulia, tukainama wote watatu.

Mapovu yalikuja sehemu mbili. La kwanza lilikuwa mstari wa mapovu madogo kama punje za ulezi, yakipanda pembeni pale tanki la juu linapokutana na wavu. La pili lilikuwa povu moja moja, zito, likitoka katikati kabisa ya wavu, likikaa kidogo kwenye mapezi kabla ya kuachia. Chaki haishiki kwenye maji, kwa hiyo mzee akachomeka kijiti cha kiberiti baina ya mapezi pale pale povu lilipotokea. Alipoitoa rejeta juu, kijiti kilikuwa kimebaki kimesimama, na ndicho kilichomwongoza.

Pale pa pembeni palikuwa kazi nyepesi, ukiwa na mkono wake. Alipiga brashi ya waya mpaka shaba ikang'aa, akapaka asidi kwa unyoya wa kuku. Hiyo asidi ameiua mwenyewe: ametumbukiza zinki ya maganda ya betri za tochi mpaka ikaacha kutoa mapovu, na kinachobaki ndicho kinachoisafisha shaba ili lehemu ishike. Pasiposafishwa, lehemu inajikunja tone tone na kudondoka. Kabla ya kuwasha tochi akafunika maungio ya jirani kwa matambara yaliyolowa. Nikauliza ya nini. Shaba, akasema, haina neno, lakini hii rejeta nzima imeungwa kwa lehemu, na lehemu ya risasi na bati inayeyuka kwenye nyuzi mia mbili hivi. Shaba inataka zaidi ya 1,000. Ukiunga hapa bila kupooza pale, unaziba tundu moja na kufungua mengine mawili, na huo ndio ufundi wa haraka haraka unaofanya watu waseme rejeta ikishachomelewa haikai. Moshi wake usikae kuunusa. Risasi si kitu cha kuzoea, na watoto wasisogee.

Lile la katikati ndilo lililotufanya tulifungue tanki la juu. Mrija uliotoboka katikati ya wavu huwezi kuufikia bila kuharibu mapezi, kwa hiyo fundi huufunga ncha zote mbili, juu na chini, na kuuacha umekufa. Unapoteza njia moja ya maji. Rejeta yenye makumi ya mirija haitausikia mmoja wala miwili. Ikifika robo, hapo unajidanganya.

Tanki lilipotoka ndipo nilipoona nini maana ya "kisima". Midomo ya mirija, iliyotakiwa kuwa mistari myembamba myeusi iliyopangwa, ilikuwa imezungukwa na ukoko mweupe mgumu, mingine imebakiza tundu la kupitisha sindano. Ukoko huo tunaujua majumbani, ndio unaokaa kwenye birika. Ni chokaa. Upande huu wa pwani visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na mawe ya chokaa, na mvua inayopenya ardhini huuyeyusha mwamba na kuubeba. Mapango ya Amboni, hapo kaskazini mwa mji, yamechimbwa hivyo hivyo na maji kwenye mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, na ile miamba inayoning'inia ambayo watalii hulipa kuiona ni chokaa iliyoachwa tone kwa tone. Ndani ya rejeta haihitaji mamilioni ya miaka. Maji magumu yakipashwa moto huachia chokaa yake haraka, na inashika kwanza pale penye joto kali: kwenye kuta za silinda, ndani ya hedi, kwenye mirija. Chokaa haipitishi joto vizuri, kwa hiyo injini inapata moto, maji yanapungua, mwenye gari anaongeza maji ya kisima, na kila ndoo inaleta chokaa mpya. Kisima cha karibu na bahari kina na chumvi juu yake, na chumvi ndiyo inayotafuna chuma. Tundu unaloliona ni mwisho wa hadithi hiyo.

Maji ya bomba ya mjini kwetu hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, unaoshuka Usambara ya Mashariki, na hayo afadhali. Afadhali tu.

Mzee akachukua fito bapa za chuma, nyembamba, akapitisha mrija mmoja mmoja toka juu hadi chini, akimwaga maji, akirudia. Ni kazi ya kuchosha kuitazama, seuze kuifanya. Unga mweupe ulijaa kwenye sinia. Kazi hii ndiyo ninayotaka uilipie hata kama tundu lako ni la pembeni na lingezibika bila kufungua tanki, kwa sababu rejeta iliyozibwa tundu na kuachwa na mirija iliyoziba itakurudisha pale pale, safari hii na hedi mkononi.

Sasa kuna wanaouliza: kwa nini ujisumbue, maduka yamejaa rejeta mpya? Yamejaa kweli. Nyingi za sasa ni za alumini yenye matanki ya plastiki juu na chini, yamebanwa kwa meno ya bati na raba katikati. Sina ugomvi na alumini. Ni nyepesi, mirija yake hutengenezwa mipana, na ingawa shaba hupitisha joto vizuri zaidi, rejeta nzuri ya alumini inapooza gari bila shida. Ugomvi wangu ni siku ikivuja. Plastiki ikishakaa miaka kwenye joto inakauka na kupasuka, mara nyingi pale mpira wa juu unapoingia, na wavu wake umeunganishwa kiwandani kwenye tanuri; tochi ya mzee na lehemu yake haishiki hapo. Utapakwa gundi ya chuma, itakufikisha Korogwe, na utarudi dukani. Rejeta ya namna hiyo unaikodisha, hata kama risiti inasema umeinunua.

Lakini si kila ya shaba inastahili kuokolewa, na mzee mwenyewe ndiye aliyenionyesha kipimo. Piga kidole kwenye mapezi. Yakisimama, endelea. Yakimomonyoka kama majani makavu na kukuachia unga wa kijani mkononi, upepo wa bahari umeshamaliza kazi, kwa sababu pezi likiachana na mrija hakuna kinachoutoa moto hata kama hakuna tone linalovuja. Hapo badilisha wavu mzima kama fundi anaupata, ukibakiza matanki yako, au tafuta rejeta ya mtumba ya shaba iliyotoka kwenye gari lililokatwa, uipime kwenye karo kabla ya kulipa. Ukiona imefika mahali pa kununua mpya, nunua yenye unene ule ule wa wavu. Zipo za bei poa ambazo kwa mbele zinafanana sura, kwa pembeni ni nusu.

Na ukibadilisha, ondoka na ya zamani. Hili silitanii. Shaba inauzwa kwa kilo na bei yake inajulikana mpaka kwa watoto wanaopita na magunia. Kuna gereji, sitaitaja, ambayo haikuwahi kukutana na rejeta ya shaba ikaona inatengenezeka. Kila moja "imekwisha, dada". Ukiwaambia utaondoka nayo, unashangaa jinsi wanavyoanza kufikiria upya.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, ila kuna ubishi mmoja nitauanika hapa. Kijana aliyenisaidia kufunga alitaka kuing'oa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. "Nchi ya joto hii, ya nini?" Utaisikia hoja hiyo kila gereji toka Horohoro mpaka Chalinze. Thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya Japani peke yake. Injini ya dizeli inataka ifike joto lake, kwenye nyuzi themanini na kitu, ndipo ichome mafuta vizuri. Ikikaa baridi inakunywa zaidi na kuta za silinda zinalika. Halafu zipo injini nyingi za Toyota ambazo thamostati ina sahani ya pili kwa nyuma: ikifungua njia ya rejeta, sahani hiyo inafunga njia ya mkato. Uking'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana kuna magari yaliyong'olewa thamostati ili yasichemshe, na yanachemsha. Ichemshe kwenye sufuria uione ikifunguka. Ikigoma, weka nyingine. Hazina bei ya kutisha. Kile kitundu chake chenye pini inayochezacheza kiwe juu, hapo ndipo hewa inapopitia.

Hewa ndiyo inayowaumbua wengi baada ya kazi nzuri. Jaza polepole, kifuniko kikiwa wazi, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo kama una mahali pa kupandisha, na swichi ya hita iwe kwenye moto hata kama jasho linakutiririka. Washa, iache ingurume. Mpira wa juu utakaa baridi kwa muda, kisha ghafla utapata moto: thamostati imefunguka. Kimo cha maji kitashuka kwa mkupuo, jaza tena, mapovu yakiisha funga. Kesho yake asubuhi tazama tena kabla ya kuwasha. Kifuniko kipya kiwe kile kile cha 0.9. Kuna watu huweka cha 1.1 au zaidi wakidhani ni bora kwa kuwa namba ni kubwa; kwenye lehemu ya miaka thelathini unaomba maungio yaachie.

Kilichobaki ni cha kuitia. Kulanti si anasa ya nchi zenye theluji. Hatuihitaji kwa barafu, tunaihitaji kwa dawa zilizomo za kuzuia kutu, na kwa kuwa inapandisha kiwango cha kuchemka. Rangi isikudanganye, kijani na nyekundu hazina maana moja kwa kila kiwanda. Soma maandishi, na usichanganye mbili usizozijua, zipo zinazogandana na kuwa uji. Ukinunua ile nzito ya kuchanganya, changanya na maji yasiyo na chokaa. Maji ya betri yanayouzwa sheli ni hayo, yaani maji yaliyotoneshwa. Angalia tu usije ukapewa asidi ya betri, chupa zinakaa rafu moja. Maji yanayodondoka kwenye AC ya ofisi nayo karibu yanafanana na hayo, na kuna mafundi wanaoyakinga kimya kimya. Ya mvua, baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo, ni mazuri pia.

Ile kulanti ya zamani usiimwage mtaroni. Ina ladha tamu, na mbuzi wa mitaa yetu hawaulizi. Inayotengenezwa kwa ethilini glikoli ikishaingia mwilini inageuka fuwele zinazoziba figo, kwa mbuzi, kwa mbwa, na kwa mtoto vilevile. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, andika SUMU, ikae juu.

Masika iliyopita nilikinga madumu mawili ya maji ya mvua, nikayafunga vizuri nikayaweka stoo kwa ajili ya gari. Mama mkwe kayakuta. Amefulia kanga zake zote, na anasema hajawahi kuona sabuni ya mche ikitoa povu namna ile, kwa hiyo masika hii nitafute pa kukingia maji ya pikapu yangu mwenyewe.